Samaki Waliojua Mlio wa Ndoo

Kila asubuhi alikuwa anagonga ndoo mara tatu kwa kikopo cha chakula, ko, ko, ko, na tangi zima linamjia. Vifaranga elfu sita wa samaki wa mtoni, kila mmoja na sharubu zake mbili mdomoni, wanasukumana pembeni kama watu walioambiwa mlango unafungwa. Wenzake kwenye kituo cha kuzalisha samaki wakambatiza Mama Ndoo, na jina akalipenda. Nyumbani ana watoto watatu, na hakuna hata mmoja anayekuja akiitwa mara ya kwanza.

Kugonga kwenyewe kulianza bila mpango. Chakula cha samaki ni unga, unga unagandia kwenye kikopo, basi unagonga ukingo wa ndoo ili udondoke. Samaki wakashika somo. Wageni walipokuja kutembelea, mkuu wa kituo alikuwa anamwita agonge, wageni wanatoa simu wanarekodi, kila mtu anafurahi.

Kituo chenyewe hakina cha kurekodi zaidi ya hapo. Banda la mabati, matangi kumi na mawili ya saruji, pampu ya hewa inayokohoa kutwa, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa ukutani. Kazi yao ni moja: kumzalisha Sharubu, samaki wa asili wa mto ule, aliyebaki kidogo aishe. Wachimba mchanga walimvurugia mahali pa kutagia, halafu mtu akaja akamwaga mtoni samaki wa kigeni wanaokula mayai ya wenzao. Kwenye dimbwi la mwisho walipatikana wazazi thelathini na mmoja. Sasa wamebaki kumi na tisa, na wamezeeka.

Mama Ndoo aliingia pale kama mfagiaji. Shule aliiacha mapema na wala hafichi. Miaka kumi na miwili amesugua matangi, akaangalia, akauliza, akafukuzwa, akauliza tena. Leo akimshika jike tumbo kwa vidole viwili anakwambia mayai yameiva au bado, na mtaalamu, kijana mwenye digrii na buti safi, anasubiri aambiwe ndipo aanze kuyakamua. Hakuna muujiza hapo. Yeye alikaa na samaki, wengine walikaa na kompyuta.

Basi, wale elfu sita wakapelekwa mtoni. Kulikuwa na viti vya plastiki, kipaza sauti na hotuba mbili ndefu kuliko mto wenyewe. Mwezi mmoja haujaisha, timu ya kituo ikarudi na nyavu kuwahesabu. Wakapata wanne.

Mtaalamu akasema ni maji machafu. Akajaza chupa ishirini, akazipeleka kupimwa, akaanza kuandika barua kali kwa watu wa juu ya mto. Majibu yakaja: maji safi. Akasema mashine ya kupimia ni mbovu.

Jumapili Mama Ndoo akaenda kumsalimia wifi yake, dada wa mume wake, anayekaa karibu kabisa na mto. Wakashuka pamoja kuchota maji. Pale mtoni kila anayechota hugonga kwanza ndoo kwenye jiwe, mchanga wa jana utoke. Wifi akagonga. Ko, ko. Maji yakachemka, na sharubu kama mia zikajitokeza miguuni pake.

"Wifi, hawa samaki wenu wana adabu kuliko kaka yangu," wifi akasema. "Unawagongea tu, hao."

Mama Ndoo akaweka ndoo yake chini. Akauliza wamekula wangapi.

"Nani alihesabu? Mtaa mzima umekula, tunawachota kwa beseni. Watamu, ila miiba yao kama ulimi wa mama mkwe wako."

Mama Ndoo alicheka, maana wifi asipochekewa ananuna wiki nzima. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu. Tangi namba saba lina vifaranga wengine elfu tano, wamebakiza wiki nane waende mtoni, na wale nao kila asubuhi anawagongea. Wazazi hawana msimu mwingine wa kukamuliwa. Hao elfu tano wakiishia kwenye beseni, Sharubu ndiyo basi tena. Na siri hiyo alikuwa nayo peke yake. Akinyamaza, lawama itabaki kwenye maji, na hakuna maji yaliyowahi kufukuzwa kazi.

Jumatatu aliingia ofisini kabla hajavaa hata buti.

"Bosi, maji hayana kosa. Kosa ni ndoo yangu."

Mkuu alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza sasa ripoti ataandika nini.

"Andika ndoo."

Mtaalamu naye akaitwa, akasikia, akaacha kulaumu maji. Kwa kweli na yeye alikuwa na video ya kugonga kwenye simu yake. Mkuu akaona dawa ni kumrudisha mama kwenye ufagio, kulisha apewe mwingine. Hapo ndipo Mama Ndoo alipokataa. Akamwambia mwingine ataleta mlio mwingine: atapiga mluzi, ataburuza kandambili, na samaki watashika hivyo hivyo. Yeye anajua wamejifunzaje, basi aachiwe awafundishe upya. Wakamwachia, kwa sharti kwamba tangi namba saba likipotea, na yeye asirudi.

Akatundika magunia kuzunguka tangi wasimwone. Chakula kikawa kinapita kwenye bomba, kimya, saa tofauti kila siku, na akachanganya wadudu wa mtoni aliowakusanya mwenyewe chini ya mawe. Kisha, mara mbili kwa siku, anagonga ndoo mara tatu, na wakija tu anayachapa maji kwa ufagio kama mtu aliyeona nyoka. Siku ya kwanza walirudi baada ya dakika moja, wanamwamini bado. Hiyo ilimkata maini kuliko maneno ya mkuu. Akachapa tena.

Wiki ya tatu walianza kusita. Wiki ya sita akigonga, tangi linakuwa tupu machoni, wote wamejibana chini ya vigae alivyowawekea. Hata wale wazazi kumi na tisa wa tangi la jirani wakaanza kumkimbia, na wao walimzoea miaka. Mume wake, fundi wa kuchomelea, akamwambia, "Mama watoto, pole, umeachwa na samaki." Akamjibu ale anyamaze.

Safari hii walipelekwa mtoni bila viti wala kipaza sauti.

Mwezi ulipotimia, timu ya kuhesabu ilitupa nyavu kwenye madimbwi matano ikatoa Sharubu mia nne na kitu, ikawarudisha majini. Mtaalamu alimpigia Mama Ndoo simu kabla hajamwambia mkuu. Yeye alikuwa kwa wifi tayari, na ndoo mkononi.

Wifi alikuwa amenuna. Alisema amegonga mpaka jiwe limechoka, siku hizi mto hauna adabu, na kwamba kuna watu wanawanyima ndugu zao kitoweo.

Mama Ndoo akashuka naye mtoni. Akapiga goti, akagonga ndoo yake kwenye jiwe, ko, ko, ko, kama zamani. Upande wa pili, chini ya mawe, maji yakatikisika kidogo, mtikisiko ukaelekea kule kwenye kina.

Akachota maji, akamtwisha wifi yake, wakapanda.