Nyumba Iliyouzwa Kiangazi

Nyumba ya shamba hainunuliwi kiangazi. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo dalali mmoja wa nyumba na viwanja vya vijijini, mtu wa makamo, mrefu, aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni hata jua likiwa la utosi. Kiangazi, alisema, kila nyumba ni bibi harusi: imeoshwa, imepambwa, na haisemi neno. Mnunuzi na aje aitazame, sawa, lakini arudi mvua ikinyesha. Hapo ndipo ataona paa linavuja wapi, njia inapitika au haipitiki, choo kinafurika au hakifuriki, na maji ya jirani yanakwenda kwa nani.

Kwa ajili hiyo watu walimwita Subiri Mvua. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili vya plastiki, kabati la chuma lisilofungika vizuri, na mlangoni mabuti ya mpira ya ukubwa mbalimbali, ya kuwaazima wanunuzi. Madalali wenzake, waliozoea kukaa kwenye benchi mbele ya duka, hawakuchoka kumtania.

"Huyu mwenzetu si dalali," alisema mmoja wao kila mteja alipoondoka mikono mitupu. "Ni mtabiri wa hali ya hewa aliyepotea njia."

"Cheka tu," alijibu Subiri Mvua. "Wewe ukishauza nyumba unabadilisha njia ya kurudi kwako. Mimi napita palepale kila siku na nasalimiwa."

Na kweli alisalimiwa. Alikosa wateja wengi wasio na subira, lakini waliobaki walimletea ndugu zao, na ndugu zao wakaleta wakwe. Watu walikuwa wakisema nyumba iliyopitia mikononi mwa Subiri Mvua haihitaji kuulizwa tena. Neno hilo lilimpendeza, kama ambavyo lingempendeza mtu yeyote. Hakufikiri kwamba siku moja litatumika kumzika mtu mwingine.

Alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, fundi wa kuchomelea vyuma. Kijana huyo alikuwa na mikono ya dhahabu na masikio ya kutia pamba. Alipotaka kujenga, kaka yake alimwonyesha viwanja vya mteremkoni, yeye akachagua kile cha bondeni, pale njia inapopinda, kwa sababu kilikuwa rahisi na karibu na barabara.

"Hapo maji yana njia yao," kaka yake alimwambia wakati ule. "Hayatakuomba ruhusa."

"Kaka, wewe hata kikombe cha maji kikimwagika unaona mafuriko."

Akajenga. Nyumba ya vyumba vitatu, matofali ya udongo yasiyochomwa, lipu safi nje na ndani, madirisha ya vyuma aliyoyatengeneza mwenyewe kwa ufundi wa kupendeza macho. Kila masika maji yalishuka kutoka mteremkoni, yakapita nyuma ya jiko na kuingia chumba cha nyuma. Yeye na mkewe walipandisha godoro juu ya meza, wakakaa sebuleni mpaka yapite, kisha wakakwangua tope. Mvua zikiisha alipaka sehemu ya chini ya kuta rangi ya kahawia, mpaka magotini, ndani na nje. Mgeni angedhani ni urembo.

Mwaka ule fundi alipata nafasi katika karakana ya kuunda mabodi ya mabasi, mjini. Mwenye karakana alikuwa mzee na alitafuta mtu wa kushirikiana naye, lakini mtu huyo aje na mtaji wake, na aje mapema. Mtaji wa fundi ulikuwa nyumba ile tu. Alikwenda kwa kaka yake mchana, akavuta kiti cha plastiki na kukaa bila kukaribishwa.

"Kaka, niuzie nyumba."

"Nitakuuzia mvua zikianza."

"Mvua zikianza nani ataigusa?"

Subiri Mvua aligeuka kuyatazama mabuti ya mlangoni.

"Basi umenielewa," fundi alisema. "Watu baki unawatafutia nyumba wakalala usingizi. Mimi niliyenyonya nawe ziwa moja unanipigia hesabu za mawingu. Nafasi hii ikinipita nitazeekea kuchomelea mageti ya watu."

"Si hivyo, mdogo wangu."

"Ni vipi, sasa? Sikuambii udanganye. Nyamaza tu. Hata kunyamaza kunakushinda, kaka?"

Mama yao, kabla ya kufariki, alimwachia mkubwa usia wa kumtazama mdogo. Usia huo haukuwa na neno lolote kuhusu kuwauzia watu maji. Lakini mtu anayetaka kuteleza hatafuti mahali pakavu pa kukanyaga. Subiri Mvua alijiambia kuwa mtaro mmoja mzuri ungetosha kuyaelekeza maji kwingine, na kwamba mnunuzi mwenye akili angeuchimba. Alijiambia pia kuwa dalali si mjenzi. Jioni alimweleza mkewe, mwanamke mshonaji asiyepoteza maneno.

"Ungekuwa wewe ndiye mnunuzi," mkewe aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, "ungeinunua?"

"Mimi nina nyumba."

"Sikukuuliza hilo."

Mnunuzi alikuja mwenyewe, kabla hata hajatafutwa. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya, amestaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyaishi katika nyumba za wafanyakazi, chumba na sebule, kuta za rangi ambayo hakuichagua yeye. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini nusu ya watu wa pale aliwapokea kwa mikono yake, pamoja na watoto wote wa Subiri Mvua. Sasa kituo kilitaka nyumba yake kwa ajili ya muuguzi mpya. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka, na alijua kitu kimoja alichokitaka: mlango wake mwenyewe.

"Sitaki jumba, baba," alisema, akiketi taratibu na kupanga mkoba mapajani. "Nataka mahali ambapo mtu hatanigongea kuniambia zamu yangu imekwisha."

"Mama, tutapata."

"Na ninajua desturi yako. Mpwa wangu ana chumba cha stoo kwake, atanihifadhi mpaka mvua zije. Nitasubiri. Nimesubiri watoto wa watu usiku kucha, sembuse mvua."

Mwanamke huyo alimfungulia dalali mlango wa kutokea. Ilibaki kusema tu, "Sawa, mama, tusubiri," na mambo yote yaliyofuata yasingekuwepo. Lakini fundi alikuwa amekwisha kupiga simu asubuhi ile, na mkewe baada yake, akimwita shemeji kwa sauti ya kulia. Subiri Mvua alisimama, akachukua kofia yake, na kusema kuna nyumba moja wanayoweza kuiona leo hii.

Walikwenda kwa miguu. Ardhi ilikuwa kavu na imepasuka. Mkunga aliipenda nyumba tangu mbali. Alishika vyuma vya madirisha, akafungua na kufunga kila mlango, akasimama jikoni akikadiria meza itakaa wapi. Alisifu rangi ya kahawia ukutani, akasema inaficha uchafu. Kisha akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya jiko palikuwa na kijia cheupe cha mchanga laini, hakina jani wala kokoto, kimenyooka kutoka mteremkoni mpaka kwenye pembe ya chumba cha nyuma.

"Tazama palivyo safi hapa," mkunga alisema. "Kama pamefagiliwa. Nitaweka kiti changu hapa niote jua la asubuhi."

Hakuna mtu aliyewahi kufagia pale. Mchanga ule uliletwa na maji na kulazwa na maji. Subiri Mvua alikuwa amewafundisha wanunuzi wengi kuusoma mchanga wa namna hiyo. Alikuwa akiinama, anauchota, anawaambia, "Huu ni mguu wa mto, na mwenye mguu atarudi." Siku ile hakuinama. Alitazama bati la paa kana kwamba kuna kitu juu yake.

"Na mvua je, baba?" mkunga aliuliza. "Nisubiri?"

"Hii naijua mwenyewe, mama. Ni ya nyumbani. Hakuna haja."

Alipomaliza kusema hivyo, mkunga alishusha pumzi na kutabasamu. Hakuuliza tena, wala hakumwuliza jirani yeyote. Angeuliza nini? Ingekuwa dalali mwingine, yule wa benchini, angezunguka kijiji kizima akidadisi. Mwongo huwadhuru wanaomwamini, na hao ni wachache. Mkweli akidanganya siku moja, huwa anatumia akiba yote ya ukweli wake, na hakuna mlango unaomzuia. Watu hawapendi kuambiwa hivi. Wanapenda kusema, "Alikosea mara moja tu." Mara moja ndiyo iliyotosha.

Uuzaji ulikamilika kwa haraka. Fundi akaondoka na mkewe, wamepakia hata mlango wa banda la kuku. Mkunga akahamia na kitanda chake, kabati la vitabu vya kazi, na viti vya ukili. Akapanda maua kwenye makopo. Akaweka kiti nyuma ya jiko, kwenye mchanga.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, yeye akiwa anaanua nguo. Hakuogopa. Aliingiza makopo ya maua, akafunga madirisha. Maji yalipogusa miguu yake chumbani alidhani amesahau ndoo mahali. Kisha yakawa ya rangi ya udongo, yakapanda mpaka ilipoishia rangi ya kahawia. Yalikaa humo muda mrefu kuliko yalivyozoea, kwa sababu mwaka ule mteremkoni walikuwa wamekata miti. Udongo usiochomwa ukilowa hautoi taarifa. Ukuta wa chumba cha nyuma uliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata. Mkunga alikuwa sebuleni. Majirani walimtoa kwa dirisha la mbele baada ya kung'oa vyuma vile vizuri.

Subiri Mvua alifika akiwa na mabuti yake. Alimkuta amekaa kwenye kiti kando ya njia, amefunikwa kanga ya mtu, maji yakimtiririka usoni. Jirani mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Sisi tulidhani mama anajua. Tulisema, kama Subiri Mvua amemuuzia, basi wamekubaliana."

Mkunga alimgeukia dalali.

"Nilikuuliza," alisema.



Kesho yake dalali alichukua jembe na sepetu akaanza kuchimba mtaro. Hakufika mbali. Mwenye kiwanja cha chini alikuja amekunja mikono kifuani. "Unayapeleka wapi hayo, mzee? Kwangu? Umeuza shida kwa mama wa watu, sasa unataka kunigawia na mimi?" Mtaro ukabaki shimo, na mvua iliyofuata ikalijaza. Alimpigia simu mdogo wake.

"Kaka, kitu kikishauzwa kimeuzwa," fundi alisema. Nyuma yake nyundo zilikuwa zikilia. "Fedha ziko kwenye mashine. Nikung'olee mashine?"

"Mama wa watu hana nyumba, mdogo wangu."

"Aliyemwambia hakuna haja ya kusubiri ni nani? Mimi sikuwepo." Simu ikakatika, na tangu siku ile fundi hapokei simu ya kaka yake.

Dalali alimwomba mkunga ahamie kwake, kwenye chumba cha watoto waliokwisha kuoa. Alikwenda na mkewe kumwomba. Mkunga, aliyekuwa amelazwa kwa kifua katika kituo kilekile alichostaafu, aligeuza uso ukutani.

"Mwambie nimesikia," alimwambia mshonaji. "Lakini chumba nilikuwa nacho maisha yangu yote."

Njiani kurudi dalali alianza kueleza, habari za mama yao, za usia, za kijana asiyekuwa na nafasi nyingine. Mkewe alimkatiza. "Uliponyamaza palikuwa pa kusema. Hapa napo nyamaza."

Aliifunga ofisi yeye mwenyewe, hakuna aliyemfukuza. Wateja walikuwa wameacha kuja, na wale wa benchini hawakumtania tena, jambo lililomuumiza kuliko utani. Sasa anauza misumari na bawaba katika duka la mbele, kwa mshahara. Mtu akimwuliza kama anajua nyumba ya kununua, anasema hajui.

Mkunga anaishi katika stoo ya mpwa wake, kati ya magunia na baiskeli mbovu. Nyumba ya bondeni haina mnunuzi kiangazi wala masika. Akiba ya maisha yake yote imeyeyuka pamoja na ukuta ule, na umri wa kutafuta nyingine umempita. Atafia kwenye chumba cha mtu.