Upande Unaouma

Mwalimu wa klabu ya mdahalo, pale sekondari ya Rusimbi, hashiki fimbo. Hushika kipande cha chaki asichoandikia, akakizungusha vidoleni mpaka kiganja kinakuwa cheupe kama cha mtu wa mashine ya kusaga. Kila Jumatano wanafunzi hukimbilia klabu ya mapishi, ambako elimu huliwa ikiwa ya moto, naye huwazuia mlangoni kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki wa mgebuka sokoni: “Na kichwa nacho kitapika nini?” Wanaobabaika huwaingiza kwenye mdahalo, kila mmoja akapewa upande unaomuuma. Asia, ambaye kwao wanaishi kwa dagaa, alipewa kutetea hoja kwamba ziwa lifungwe, uvuvi usimame ili samaki wazaliane.

“Madamu, baba atanifukuza!”

“Mshawishi.”

Asia akaondoka amenuna. Chaki ikavunjika kiganjani mwa mwalimu. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyeijua biashara ya dagaa kwa ndani. Jumatano iliyofuata hakuruhusu mtu akalie kiti cha Asia, hata mdahalo ulipokaribia kuanza. Ndipo Asia akatokea, macho mekundu.

“Shikamoo, Madamu. Nimebishana na baba mpaka ugali ukapoa. Kanishinda.”

“Marahaba. Kakushinda kwa hoja gani?”

Asia akazitaja zote.

“Vizuri. Kaa, tumjibu.”