Kanzu za Mzee Selemani

Mwanangu, ingali mbele ya macho yangu alasiri ile ya mtaani kwetu Chikongola, nami naiandika kwa sababu siku hizi wapo wanaoisimulia kombo huko Shangani. Wanadai Mzee Selemani alitaka kutupeleka polisi. Si kweli. Nilikuwepo.

Sisi vijana wa parokia, watoto wa walimu na watumishi wa bandari waliotoka bara, tulikuwa tukiandaa igizo la Askari wa Hekalu, wale watawa wapiganaji wa Ulaya ya kale. Walianza wachache na maskini, wakiwalinda mahujaji njiani kwenda Yerusalemu. Baadaye wakapata ngome, mashamba na utajiri, wasiwajibike kwa yeyote ila Papa. Mwishowe mfalme wa Ufaransa akawakamata, wengi wakateswa mpaka wakakiri mambo waliyokuja kuyakana, na chama chao kikavunjwa.

Mavazi meupe kama yao hatukuwa nayo. Mzee Selemani, jirani yetu mwenye duka, mzaliwa wa Mikindani, akatuazima kanzu zake na za wanawe, zile za Idi. Benedikti, kiongozi wetu, akaamuru zishonewe misalaba myekundu kifuani, kisha akatuongoza hadi sokoni kulitangaza igizo. Mwenye kanzu hakuulizwa.

Tulipofika mbele ya duka lake, mzee alisimama mlangoni.

"Benedikti, naona kanzu yangu imebatizwa. Mbona mimi sikualikwa hata kwenye pilau?"

Watu wakacheka. Benedikti hakucheka. "Hili ni vazi la kiaskari, Mzee. Waliolivaa hawakuomba ruhusa kwa mtu."

"Na siku walipokamatwa, nani aliwasemea?"

Mzee akarudi ndani taratibu.

Nyumba zetu na ya Mzee zilizoea kupelekeana sahani za chakula kila Krismasi na kila Idi. Idi ilikuwa wiki iliyofuata, na sote tuliogopa kwamba safari hii hakuna sahani itakayovuka barabara. Jioni ile tukafumua misalaba uzi kwa uzi, tukazifua kanzu, tukazipiga pasi ya mkaa. Benedikti alizipeleka mwenyewe, akaomba radhi. Mzee alizikagua, akamrudishia.

"Zivaeni hivyo hivyo. Mkimaliza, mniletee."

Siku ya igizo, mfalme aliuliza ni nani atakayewasemea wafungwa. Tulikuwa tumepanga asijibu mtu. Mzee Selemani akainuka kwenye benchi la mbele.

"Mimi hapa. Nawajua hawa, wamevaa kanzu zangu."

Ukumbi mzima ulicheka, mfalme akasahau maneno yake, na igizo halikufika kwenye mwisho wake wa huzuni. Idi ile sahani ilivuka. Hayo ndiyo yaliyotokea, na asiyekuwepo asiyabadilishe.

Basi, mwanangu, ukipewa sare, cheo au ufunguo wa ofisi, mkumbuke aliyekuazima, na uwakumbuke uliowekwa kuwalinda. Omba ruhusa hata pale unapojua hutanyimwa. Wale askari walikuwa na ngome kila mahali, lakini walipungukiwa na jirani.

Mungu akujalie heshima isiyokutenga na watu, na siku ya shida yako asikose mtu wa kuinuka kwenye benchi la mbele.