Taa ya Buluu Kwenye Pikapu

Asubuhi hii jirani yangu hapa Kahororo amenibustia betri ya gari, mara ya tatu wiki hii, akanishauri nimwone fundi. Nimeitikia tu. Harufu ya asidi ilishanipeleka Muleba ya utotoni, kwenye gereji moja nyuma ya soko.

Tulikuwa tumechoka. Kila siku kabla ya shule, mimi na dada zangu tulisukuma pikapu ya Tata, baba yetu, mpaka iwake. Betri alishabadilisha, hata hiyo mpya ikawa inaamka haina moto.

Fundi alitoa waya mmoja wa betri, akaunganisha balbu kati ya waya na betri. Gari lilikuwa limezimwa, lakini balbu ikawaka. Akachomoa fyuzi moja moja hadi ikazimika.

"Mzee, moto unaliwa na hii," akasema, akigusa taa ya buluu chini ya sanamu ya Bikira Maria kwenye dashibodi. Mama ndiye aliyetaka ifungwe pale, mwezi mmoja kabla hatujamzika. "Niikate?"

Tata aliitazama, akajifuta mikono isiyo na uchafu.

"Rudisha fyuzi," akasema. "Watoto wana nguvu."

Kesho yake tulisukuma tena, na hakuna aliyelalamika.