Aliyeanika Mguu Wake Pamoja na Omena

KISUMU, 1976 – Jua la ufuo wa Dunga halijashika makali, na Milka Adero ameshainama juu ya nyavu kuukuu, anatandaza omena, dagaa wa ziwani, kwa viganja viwili. Mwenzake akimwaga debe pembeni, Milka anamkemea: "Usirundike! Ya chini itaoza!" Anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena. Mwaka jana kuinuka huko kungemtoa machozi.

Mama huyu wa watoto wanne aliishi na kidonda juu ya kifundo cha mguu kwa miaka sita. Kilianza kwa kuchomwa na msumari wa mtumbwi. Alijaribu majani, unga wa vidonge, hata majivu, kikagoma. Kanisani alikaa benchi la nyuma kwa sababu ya harufu.

"Watu hawakunifukuza," anasema. "Lakini mtu akifunika pua, umeshaambiwa."

Daktari wa zahanati moja mjini hakumficha: kidonda kisipoanza kupona, mguu utakatwa chini ya goti. Akamkabidhi kwa muuguzi Perez Ouma. Kila alipokwenda, Perez alikimulika kidonda kwa taa ya miale ya kuua vijidudu, dakika chache tu, wote wawili wamevaa miwani myeusi. Kisha alikifunika kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi yaliyochemshwa, ili nyama changa isikauke. "Usifungue mpaka urudi," alimwagiza.

Hapo Milka aliona wauguzi wamechanganyikiwa. Kazi yake maisha yote ni kuanika. Kilicholowa huoza, kilichokauka hudumu. Hilo halihitaji kufundishwa na mtu. Basi kila akifika Dunga alifungua kitambaa, akanyoosha mguu juani kando ya omena, mpaka kidonda kikafanya kigaga kigumu. Siku ya kurudi alikifunga upya, akakilowesha, akaenda zahanati na uso wa mtu asiye na hatia.

Kigaga kikapasuka, damu ikatoka, kidonda kikapanuka. Perez hakuelewa, mpaka siku alipoona magamba ya omena yamenata kwenye nyama.

"Nilingoja anipigie kelele," Milka anakumbuka. "Alicheka, huyo sista, mpaka akashika meza. Halafu akaniuliza, 'Mama, wewe unakausha samaki gani? Ile iko hai ama ile imekufa?' Nikasema imekufa. Akaniambia, 'Sasa hii mguu yako bado iko hai. Wachana nayo ikunywe maji.'"

Milka aliangua kilio palepale. Tangu hapo hakugusa kitambaa. Nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini, kingo zikajivuta, na baada ya miezi mitano kidonda kikafunga. Leo limebaki kovu tu.

"Erokamano Nyasaye, erokamano Perez," anasema, akimshukuru Mungu na muuguzi kwa pumzi moja. Kila Ijumaa humpelekea Perez omena. Perez hulalamika kwamba nyumba yake sasa inanuka ufuo, lakini hajawahi kuzirudisha.

Sasa Milka ana mpango. Shemeji yake Agneta, mpanda mpunga wa Ahero, ana kidonda anachokificha chini ya leso aliyojifunga kiunoni. Wiki ijayo Milka atampeleka kwa Perez, kisha atahamia nyumbani kwa Agneta kwa muda.

Kwa nini ahamie? Milka anacheka, anajifuta mikono.

"Kumpeleka ni rahisi. Nataka nilale hapo kwake, nione kama atafungua hiyo kitambaa. Hiyo ujanja yote mimi najua. Atasema ndiyo, sista, ndiyo, na macho yake iko kwa jua."