Kelele Kwenye Waya

Nichekeni tu, wasomaji, nimeshazoea. Kompyuta mpya ya kiwanda chetu cha chai, karibu na Kapkatet, ilipokea kilo za majani kutoka kwa mizani kupitia waya mrefu. Siku moja ikaanza kuandika upuzi. Fundi akaniambia kwa simu, "Kuna kelele kwenye waya. Iondoe, nakuja."

Mimi huyo! Nikawanyamazisha akina mama waliokuwa wakiimba huku wakichambua majani. Nikamvua meneja viatu, vilikuwa vinagonga sakafu. Mota za mashine, zilizopakana na ule waya, niliziacha zingurume. Hizo ziko kazini.

Fundi akaingia, akatusalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei!"

"Shhh!"

Akautenga waya na zile mota, kompyuta ikatulia. "Kelele ya umeme, bwana! Waya una masikio?"

Meneja, miguu mitupu, akavuta pumzi. Kelele iliyofuata haikuwa ya umeme.