Marehemu Aliyekuwa Akimaliza Masomo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua Dimcho.

Dimcho alikuwa na siku arobaini kaburini, na asubuhi ileile alikuwa amemaliza somo langu.

Sitanii.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza cha biashara kwa programu ya simu. Wanafunzi wangu ni wasimamizi wa kiwanda cha viatu hapa mjini Plovdiv, watu wazima walionizidi umri. Kiwanda kilinunuliwa na wageni. Ukifeli mtihani, kazi huna.

Maswali ya kuchagua inasahihisha mashine. Majibu ya sauti nasahihisha mimi.

Kwa wiki kadhaa Dimcho hakurekodi neno. Anabonyeza tu. Anapata mbili kati ya ishirini. Moja kati ya ishirini.

"Huyu mzee ananichezea," nikasema. Nikaenda kwake kumkabili uso kwa uso.

Mlangoni nikakuta karatasi ya msiba. Picha yake. Siku arobaini tangu afariki.

Damu ikanichemka. Kumbe kuna mwizi anatumia jina la marehemu! Palepale kwenye ngazi nikampigia bosi wangu, Radoslav.

"Funga akaunti ya Dimcho. Kuna mtu anatapeli."

"Naifuta sasa hivi, na kila kilichomo."

Ndipo nikagonga.

Akafungua mjane wake, Stefka, ameshika bakuli la ngano tamu ya kumwombea marehemu.

"Wewe si yule mwalimu wa pichani kwenye simu yake? Ingia, binti yangu. Onja, useme Mungu amsamehe."

"Mungu amsamehe. Mama, nani anafanya masomo yake?"

"Mimi."

"Unajua Kiingereza?"

"Nitakijulia wapi? Nadonoa tu kama kuku. Nikimaliza somo, simu inanichezea jibu lake moja la zamani." Akajifuta macho kwa aproni. "Sina sauti yake pengine popote. Ukimwelekezea simu alikuwa anakimbia, kichwa ngumu yule."

Akaichukua simu anisikilizishe.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mbona haisemi?"

Nikamwambia nilichofanya. Sikuficha hata nukta.

Hakunitukana. Aliweka bakuli mezani taratibu.

"Basi leo umemzika mara ya pili."

Bora angenizaba kofi.

Nikaitoa simu yangu. Kulikuwa na jibu moja nililolihifadhi kwangu kwa sababu nilimfelisha: zoezi la kumwomba mteja radhi. Nililiandikia, "Unaburuta maneno. Rudia."

Nikalicheza. Sauti nzito, inaburuta kweli.

Stefka akashika meza. "Anasemaje?"

"Anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema kosa ni lake."

Mama yule akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

"Miaka thelathini na moja ananiweka na chakula kinapoa, hakuniomba radhi hata siku moja! Kumbe mjinga huyu maneno alikuwa nayo!"

Nikamrushia ile sauti kwenye simu yake.

Kwenye kampuni yetu hilo ni kosa. Sauti za wanafunzi ni mali ya kampuni. Jumatatu Radoslav akaniita.

"Zornitsa, andika barua ya kuomba radhi, yaishe. Ukikataa, huna kazi."

Ndugu msomaji, kabla hujamwita mtu mwizi, gonga mlango kwanza. Na watu wako, wangali hai, warekodi, hata wakiwa wanakugombeza.

Mama Stefka nilimpigia magoti nikamwomba msamaha, na bado moyo wangu haujatulia.

Kampuni? Siombi radhi.